Sarafu za Kale na Wajibu wa Askari



Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei mwaka 2023, mto Sebeya ulifurika, ukabomoa kingo zake na kuingia katika nyumba za wananchi wa Rubavu. Wengi wenu mlikuwa kazini siku zile, na hamhitaji kukumbushwa yaliyotokea. Miaka miwili kabla ya hapo, mwezi Mei mwaka 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka upande wa pili wa mpaka, na mitetemeko iliyofuata ikapasua kuta na barabara za mji wa Gisenyi. Baada ya misiba ya namna hiyo huja kazi ya kuchimba: misingi ya nyumba, mitaro, kuta za kuzuia maji, matuta mapya shambani. Na ardhi inapochimbwa, hutoa vitu ilivyovificha. Jembe linagonga kitu kidogo cha mviringo, chenye kutu ya kijani. Mchimbaji anakifuta kwa kidole, anaona kichwa cha mtu, au taji, au tai mwenye mabawa yaliyotandazwa, pamoja na herufi asizoweza kuzisoma. Ni sarafu, lakini si ya duka lolote analolijua.

Mwananchi huyo ataipeleka wapi? Majumba ya makumbusho yako Huye, Kigali na Nyanza, mbali na shamba lake. Mtaalamu wa mambo ya kale hamjui hata kwa jina. Anayemjua ni askari aliyesimama njiani, au yule wa kituo cha polisi, au yule wa kambi iliyo juu ya kilima. Kwa hiyo mara nyingi mkono wa kwanza wa serikali kuigusa sarafu ile ni wenu, na mtakayoyafanya katika robo saa ya kwanza ndiyo yatakayoamua kama sarafu itaweza kusema lolote baadaye.

Tuanze na kile ambacho sarafu huweza kusema. Kitu chochote kilichozikwa pamoja na sarafu hakiwezi kuwa kimezikwa kabla sarafu hiyo haijapigwa. Chungu chenye sarafu ya mwaka 1908 hakikufukiwa mwaka 1890, liwalo na liwe. Na iwapo chungu kina sarafu nyingi za miaka mbalimbali, ile iliyo changa kuliko zote ndiyo yenye neno la mwisho. Hii ni hoja rahisi, na kila mpelelezi aliyewahi kukuta risiti ya duka katika mfuko wa mtu aliyekufa anaielewa bila kufundishwa. Lakini hoja hiyo inasimama kwa sharti moja tu: tuwe na hakika kwamba vitu vile vilikutwa mahali pamoja. Hakika hiyo ikipotea, hakuna maabara duniani itakayoirudisha.

Hapana budi niongeze tahadhari moja, maana sarafu nayo, kama mashahidi wengine, huweza kudanganya. Ile reale kubwa ya fedha yenye sura ya Maria Theresa, iliyotumika Zanzibar, Uhabeshi na Uarabuni, huonyesha mwaka 1780. Malkia huyo alikufa mwaka huo huo, lakini viwanda viliendelea kuipiga kwa zaidi ya miaka 150, na kila moja ikaandikwa 1780. Anayeipata na kutangaza kwamba amefukua hazina ya karne ya 18 anajitia aibuni.

Sasa nitawaeleza kisa kilichotokea katika pwani yetu ya Afrika Mashariki, kwa sababu kinaonyesha hasara ilivyo pale sharti lile lisipotimizwa. Muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, Mwingereza mmoja, Kapteni C. W. Haywood, alifika Bur Gao, bandari ya kusini mwa Somalia ambayo Waingereza waliiita Port Durnford. Hapo palikuwa na magofu. Aliondoka na mkusanyo mkubwa wa sarafu, akaeleza pia habari za chombo cha udongo kilichofanana na vyombo vya Wagiriki, ambacho kilivunjika na vigae vyake vikatupwa. Habari hizo hazikuchapishwa mpaka mwaka 1927. Sarafu zenyewe zilikaguliwa na Harold Mattingly wa Jumba la Makumbusho la Uingereza, naye akachapisha maelezo yake mwaka 1932.

Katika mkusanyo ule zilikuwamo sarafu za akina Ptolemaio, wafalme wa Misri waliotawala kabla ya Kristo. Zilikuwamo za makaisari wa Roma tangu Nero. Zilikuwamo nyingi za karne ya nne, yaani za zama za mwisho za Roma, wakati wa Konstantino na wanawe. Na zilikuwamo pia sarafu za watawala wa Kiislamu wa Misri, zilizopigwa mamia ya miaka baada ya Roma kuanguka.

Oneni ugumu ulipo. Kama sarafu zote zilikuwa ndani ya chungu kimoja, basi zile changa ndizo zenye neno la mwisho, na chungu kilifukiwa katika karne za karibu, pengine na mfanyabiashara aliyekusanya vyuma vya kale. Katika hali hiyo, sarafu za Roma haziwezi kushuhudia kwamba meli za Roma zilifika Bur Gao. Lakini kama zile za Kiislamu ziliokotwa mahali pengine, siku nyingine, na za Roma zilitoka katika chungu cha peke yao, basi hapo tungekuwa na ushahidi wa kustaajabisha wa biashara kati ya pwani yetu na bahari ya Mediterania miaka 1,600 iliyopita. Lipi kati ya hayo mawili ni kweli? Neville Chittick, aliyekuwa mkurugenzi wa Taasisi ya Uingereza katika Afrika Mashariki, aliikagua pwani ile, na katika ripoti yake ya mwaka 1969 alizitilia shaka kubwa sarafu hizo. Tangu hapo wataalamu wameendelea kubishana. Wanabishana kwa sababu hapana karatasi iliyoandikwa siku ile ya kuonyesha kipi kilitoka wapi, kwa kina gani, kikiwa pamoja na nini. Vigae vilitupwa. Mtu mwenye cheo cha kijeshi, mwenye kalamu na saa na dira, alikosa kuandika mistari kumi, na kwa ajili hiyo ukurasa mmoja wa historia ya Afrika Mashariki umebaki mtupu.

Pengine msikilizaji atauliza, hizo sarafu za mwisho za Roma hujulikanaje? Nyingi ni vipande vidogo vya shaba nyeusi, vingine havizidi ukucha wa kidole gumba. Upande mmoja kuna kichwa cha kaisari, na mara nyingi jina lake hutanguliwa na herufi D na N, ambazo ni ufupisho wa maneno ya Kilatini yenye maana ya “Bwana wetu”. Upande wa pili kuna picha, na chini ya picha kuna herufi chache zinazotaja kiwanda. ALE, kwa mfano, ni Aleksandria ya Misri. Aina moja itawapendeza ninyi zaidi. Inaonyesha askari wawili wamesimama wakitazamana, kila mmoja na mkuki na ngao, na katikati yao bendera za kikosi. Maandishi yake husema GLORIA EXERCITVS, yaani utukufu wa jeshi. Ilipigwa kwa mamilioni tangu mwaka 330 hivi. Mwanzoni bendera zilikuwa mbili. Kuanzia mwaka 335 hivi sarafu ikapunguzwa uzito na bendera ikabaki moja. Kwa hiyo anayejua kuhesabu mpaka mbili anaweza kuikadiria sarafu ile kwa tofauti ya miaka michache, hata kama jina la kaisari limefutika. Ndiyo sababu tunasema andika unachokiona, hata kama huelewi maana yake. Bendera moja au mbili? Kwa askari wa zamu ni jambo dogo, lakini kwa anayesoma ripoti ni tarehe.

Wala tusidhani kwamba sarafu za zama zile ni mambo ya Wazungu peke yao. Katika karne hiyo hiyo ya nne, dola la Aksum, katika nchi ambazo leo ni Ethiopia na Eritrea, lilikuwa likipiga sarafu zake za dhahabu, fedha na shaba, na mfalme Ezana alipoingia Ukristo aliondoa alama ya mwezi mwandamo katika sarafu na kuweka msalaba.

Kisa cha pili ni kinyume cha kile cha Bur Gao. Mwezi Aprili mwaka 2010, karibu na mji wa Frome huko Uingereza, mpishi wa hospitali aitwaye Dave Crisp alikuwa shambani na mashine yake ya kutambulia vyuma. Mashine ililia. Akachimba kidogo, akaona sarafu na mdomo wa chungu. Hapo akafanya jambo gumu kuliko yote: aliacha kuchimba. Akafukia shimo, akatoa taarifa. Nchini humo upo utaratibu ulioanza mwaka 1997, ambao kwao maafisa maalumu katika kila jimbo hupokea na kuandikisha vitu vya kale vilivyookotwa na raia, na zaidi ya vitu milioni moja vimekwisha kuandikishwa. Wanaakiolojia walifika wakatoa sarafu tabaka baada ya tabaka, na kila tabaka likatiwa katika mfuko wake. Zilikuwa sarafu 52,503 za karne ya tatu, zenye uzito wa kilo 160 hivi. Nazo zilipopangwa ikaonekana kwamba sehemu kubwa ya zile changa zaidi ilikuwa chini katika chungu, na nyingi zilizo kongwe zilikuwa juu yake. Maana yake ni kwamba chungu hakikuwa kibweta cha kuwekea akiba mwaka baada ya mwaka. Kilijazwa kwa mara moja. Kama Bwana Crisp angekimwaga chungu katika gunia, sarafu zote 52,503 zingekuwapo, na habari hiyo isingekuwapo.

Na kisa cha tatu ni cha mwanajeshi. Mwaka 1944, wakati wa Vita Kuu ya Pili, mtumishi wa jeshi la anga la Australia aitwaye Maurie Isenberg alikuwa kituoni katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa nchi hiyo. Siku moja ufukweni aliokota sarafu 9 mchangani, akazihifadhi. Mwaka 1979 akazipeleka kwa wataalamu zitambuliwe. Nne zilikuwa za Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki. Tano zilikuwa za shaba, zenye maandishi ya Kiarabu, na zilitoka Kilwa, katika pwani ya Tanzania ya leo, zilizopigwa kwa majina ya masultani wake karne nyingi zilizopita. Jinsi zilivyovuka Bahari ya Hindi mpaka Australia bado ni fumbo. Lakini Isenberg alikuwa ametia alama ya mahali pale katika ramani, na kwa sababu ya alama hiyo msafara wa watafiti uliongozwa na Ian McIntosh mwaka 2013 kurudi katika ufuko ule ule, miaka 69 baadaye. Askari kijana hakujua Kilwa iko wapi, ila mahali aliposimama alipajua, na hapo ndipo alipopaandika.

Turudi Rubavu. Sarafu ya Roma ikitokea katika udongo wetu, itakuwa ajabu kubwa, na dhana ya kwanza ya busara itakuwa kwamba imeangushwa na mgeni au mkusanyaji wa siku hizi. Hata hivyo iandikwe. Zinazotarajiwa kwetu ni nyingine, nazo zinawahusu wapiganaji moja kwa moja. Kati ya mwaka 1914 na 1916 mstari wa vita kati ya Wajerumani na Wabelgiji ulipita hapa hapa, kando ya ziwa Kivu. Kapteni Max Wintgens aliongoza upande wa Wajerumani. Chini yake walipigana askari Waafrika, na ng'ambo walipigana Waafrika wenzao wa jeshi la Kongo. Askari wa Wajerumani walilipwa kwa rupia. Rupia za fedha za Kampuni ya Afrika Mashariki ya Kijerumani zilipigwa kuanzia mwaka 1890, zikiwa na sura ya Kaisari Wilhelm aliyevaa kofia ya chuma na, upande wa pili, simba na mnazi. Baadaye zikaja za serikali, na kuanzia mwaka 1904 rupia ikagawanywa katika heller 100. Neno hilo halikufa: Waswahili husema hela, na majirani zetu wa Burundi husema amahera, na wengi hawakumbuki tena kwamba wanataja senti ya Mjerumani.

Mwaka 1916, manowari za Waingereza zilipokuwa zimeziba bahari na fedha zimekwisha, Wajerumani walipiga sarafu za dharura Tabora, katika karakana ya reli: za shaba nyekundu na shaba ya manjano, zenye herufi T, na nyingine za dhahabu zenye picha ya tembo. Heller ya Tabora ikiokotwa katika handaki fulani juu ya Gisenyi, itakuwa na la kueleza, kwa sababu Wabelgiji waliingia Kigali tarehe 6 Mei mwaka huo huo. Ilifikaje? Aliileta nani? Huenda ilirudi na mchukuzi baada ya vita, katika pindo la shuka. Lakini ikiletwa kituoni bila kujulikana ilitoka kilima kipi, ni kipande cha shaba tu, na kwa mkusanyaji wa mitaani ina bei ndogo kuliko mlo wa watu wawili.

Kuna hali moja ambayo lazima tuiseme kwa uzito wake. Mara nyingine sarafu hutokea pamoja na mifupa ya watu. Katika nchi yetu, iliyopitia mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, na katika wilaya yenye kumbukumbu ya Commune Rouge, hakuna askari anayeweza kuiona mifupa kuwa kitu cha kale tu. Hapo kazi inasimama mara moja, mahali panalindwa, na wakuu pamoja na mamlaka zinazohusika wanaarifiwa kabla ya jambo jingine lolote. Lakini hata hapo sarafu ina kazi yake. Faranga 20 ya mwaka 1977 iliyokutwa katika mabaki ya nguo inatuambia kwamba mtu yule hakuzikwa kabla ya mwaka 1977. Heller ya mwaka 1909 inaelekeza mawazo kwingine, ingawa peke yake haitoshi kukata shauri. Familia zingali zinatafuta watu wao. Mwenye kuiokota sarafu ile na kuitia mfukoni kama kumbukumbu ameondoa neno moja katika ushahidi ambao una maneno machache mno.

Vilevile, katika ardhi iliyopiganiwa, kinachong'aa karibu na sarafu huenda kikawa risasi au bomu. Asichimbe mtu kwa tamaa ya kuona zaidi.

Basi askari afanye nini? Kwanza asiisugue. Nalisema hili kwa msisitizo kwa sababu askari amefunzwa kung'arisha vifungo na beji mpaka ajione usoni, na mkono wake unawasha akiona shaba iliyochafuka. Ndimu, siki, mchanga, majivu na ile dawa ya vifungo hula maandishi pamoja na kutu. Sarafu iliyong'arishwa imekwisha kunyamazishwa. Itiwe katika bahasha ya karatasi kavu, kila moja na bahasha yake. Katika bahasha na katika daftari ziandikwe habari zile zile: tarehe, jina la mudugudu na la sekta, umbali na upande kutoka kitu kisichohama, kama vile daraja au jiwe la mpaka, kina kwa sentimita, na vitu vilivyokuwa pamoja nayo, hata vigae na makaa. Simu ya mkononi itapiga picha pande zote mbili, na rula ikiwa kando. Herufi zinakiliwe kama zilivyo. Isiyosomeka iachiwe nafasi, isikisiwe. Mnayajua haya yote kwa jina jingine: ni namna ya kushika kielelezo. Atakayeipokea kutoka kwenu atie sahihi, na atakayempokea yeye pia, mpaka ifike katika Inteko y'Umuco, taasisi ambayo ndiyo yenye dhamana ya majumba ya makumbusho ya taifa. Sheria ya kuhifadhi urithi wa utamaduni ya mwaka 2016 ipo, na kila mkuu wa kituo anafaa kuisoma.

Linabaki suala la yule mwananchi, nalo kwa maoni yangu ndilo gumu. Akipokewa kwa maswali makali, “Umeiba wapi? Nyingine umeficha wapi?”, hatarudi, na jirani yake atakayeokota kesho atakwenda moja kwa moja mpakani kutafuta mnunuzi. Yeye ni shahidi aliyekuja kwa hiari yake. Apewe kiti. Aandikiwe stakabadhi yenye idadi na sura ya alichokileta, na nakala ibaki kituoni. Kisha aombwe, kwa adabu, kwenda pamoja na askari kuonyesha mahali penyewe siku hiyo hiyo, kabla mvua ya jioni haijaanguka na shimo halijajaa maji.